Kamati ya Kumsubiri Ernest

Mama alitangaza kwamba atakwenda kutazama mbio siku ileile ambayo mjomba Bartolomayo alikuwa amesafiri kutoka Gulwe kwa shughuli moja tu, ya kukunja mkeka wa msiba. Mkeka ulikuwa umetandikwa sebuleni kwetu Chang'ombe tangu tulipomzika kaka yangu Ernest, na mama alikuwa juu yake, miguu ameinyoosha, mikono mapajani, ametulia kama mgeni aliyeambiwa chakula kinakaribia. Mjomba alisali sala ndefu. Akasoma zaburi. Akaeleza kwamba hata ng'ombe humlilia ndama wake siku chache, kisha hurudi malishoni. Alipomaliza, mama akamwuliza kama Jumapili barabara ya Arusha itafungwa mapema, maana yeye ana miadi.

Miadi yake ilikuwa na Ernest.

Ernest alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, na mama hakuwahi kumwona akikimbia hata mara moja. Mbio zikiangukia Jumamosi, mama yuko soko la Majengo na karanga zake. Zikiangukia Jumapili, mama ni sauti ya pili kwenye kwaya, na bila yeye sauti ya pili huyumba. Mwaka huu Ernest alimbembeleza mpaka akakubali, mbele yetu sote, kwamba kwaya itajitegemea. Ernest akamchagulia hata mahali pa kusimama: kwenye kile kipandio cha barabara ya Arusha, pale inapopanda kilima, karibu na meza ya maji, kwa sababu, alisema, hapo ndipo kila mkimbiaji hutamani kuona mtu wake. Kisha, alfajiri moja akifanya mazoezi katika barabara hiyohiyo, lori la kokoto likamgonga na halikusimama.

"Mbio ziko palepale," mama alimwambia mjomba. "Nilisema nitakwenda. Sikusema nitakwenda akiwa hai."

Mjomba akatazama dari. Dari yetu haina msaada wowote wa kiroho, lakini aliitazama kwa muda mrefu.

Kilichomtisha si mbio. Kilichomtisha ni kwamba mama alikuwa hajalia. Makaburini alisimama akitazama udongo ukishuka kama anayetazama shamba la jirani likilimwa. Nyumbani aliendelea kumtengea Ernest sahani na kuifunika. Na hakumruhusu mtu yeyote amweleze mwanawe alikufaje. Ukianza tu sentensi, aliinuka kwenda kutazama moto jikoni, hata kama moto haukuwashwa. Akina mama wa kanisani walisema kwa sauti ya chini kwamba Ruthu, yaani mama yetu, bado hajafika msibani. Usiku ule mjomba alinivuta nje akanikumbusha habari za shangazi yao, yeye na mama, kule Gulwe, aliyefiwa na mume zamani, naye hakulia. Mpaka anazeeka alikuwa akienda stesheni kila treni ilipoita, na kikapu cha chakula mkononi, na watoto walimfuata wakiimba. Mjomba alisema ugonjwa ule huanza hivihivi, kwa upole na kwa adabu. Mama asipolia sasa, tutakuwa tumemzika Ernest na kumpoteza yeye.

Kisha akanikabidhi maandalizi ya safari. Mimi naitwa Elisha, niko kidato cha tatu katika shule ya bweni upande wa Kondoa, ambako nakumbukwa kwa kumwingiza mbuzi gwaride la asubuhi akiwa amevaa tai ya mwalimu wa nidhamu. Mjomba alisema ananiteua kwa kuwa akili yangu hufanya kazi vizuri kwenye mambo ya kijinga, na hili lilikuwa mojawapo. Nikaunda kamati papo hapo. Mwenyekiti nilikuwa mimi, na wajumbe walikuwa mjomba na mwavuli wake.

Wasiojua hudhani kutazama mbio ni kusimama tu. Kamati iligundua mengine. Kwanza, barabara ikifungwa hakuna pikipiki itakayokufikisha, kwa hiyo lazima uondoke kabla ya mapambazuko, ukitembea, na asubuhi za Dodoma zina baridi ya kung'ata masikio. Pili, jua likishachomoza, upande wa kulia wa barabara unakuwa tanuri, na vumbi lote linakwenda kushoto. Mtazamaji anachagua adhabu yake. Tatu, wakimbiaji walikwenda mpaka Msalato na kurudi kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo pale kipandioni ungemwona mtu wako mara mbili, iwapo ulikuwa naye. Niliyaripoti haya kwa mama kama yalivyo. Alisikiliza kwa makini, akachagua upande wa jua, akaniuliza kama Ernest angevaa ile fulana ya kijani.

Nilisema ndiyo. Ningesema nini? Fulana ilikuwa imening'inia msumarini chumbani kwetu, namba yake ya mashindano imeshabanwa kifuani kwa pini. Aliibana mwenyewe.

Hapo ndipo alipoingia Msafiri.

Msafiri ni fundi baiskeli wa kona ya mtaa wetu, Mnyamwezi kutoka Urambo, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wagogo. Utani huo, wanavyosema wazee, ulianza enzi za misafara, babu zao wakipita Ugogo na mizigo kichwani, na babu zetu wakiwatoza hongo kwa kila tone la maji ya kisima. Msafiri alimwita mama Mtoza Hongo. Mama alimwita Mpagazi. Aliingia kwetu bila hodi, akafunua sufuria, akalalamika kwamba mlenda umemshinda hata nzi, kisha akaula wote. Kumkasirikia ilikuwa mwiko.

Na mtani ana kazi msibani. Ndiye anayekalia jeneza na kukataa kuinuka mpaka apewe chochote. Ndiye anayemsema marehemu kwa uchoyo wake na kukoroma kwake. Juu ya yote, ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya wafiwa, namna alivyotembea, alivyokohoa, alivyoomba chumvi, mpaka mjane mwenyewe acheke bila kutaka, na akishacheka, machozi yanajua njia. Kwetu mtu mwenye akili akifiwa hutafuta mtani kwanza, mchungaji baadaye.

Katika mazishi ya Ernest, Msafiri hakufanya lolote. Alisimama na koleo ukingoni mwa kaburi, watu wote wakimsubiri, akafungua mdomo, akaufunga. Mtaa mzima ulimnung'unikia. Lakini hakuna aliyemwambia usoni, kwa sababu kila mtu alijua kwamba ndiye aliyekuwa akimfuata Ernest kila alfajiri kwa baiskeli, amembebea maji, na alikuwa nyuma yake siku ile. Aliwaeleza polisi. Baada ya hapo hakumweleza mtu.

Sasa alikuja uani jioni, akachuchumaa karibu na karo la kufulia, akaniambia kwamba kazi yake hajaifanya, nayo haimpi usingizi. Akaniomba fulana ya kijani, na kofia ya kufunika kipara chake. Alitaka kukimbia mbio za Ernest, kwa namba ya Ernest, kwa mwendo wa Ernest.

Nakiri kwa heshima zote kwamba sijawahi kusikia mzaha mkubwa kuliko ule, na mimi ni mtu niliyesoma bweni. Msafiri ni mwembamba kama kaka yangu, na amemfuata nyuma miaka mingi. Akanionyesha palepale uani. Ernest alikimbia kiwiko cha kulia kimechomoza nje, kama kuku anayekinga vifaranga, na kichwa kimelalia kushoto, kama anayesikiliza maneno nyuma ya ukuta. Msafiri alizunguka karo mara moja. Nilicheka mpaka nikaona sicheki tena.

Mpango ukawa huu. Atapanda kile kipandio, mama atakiona kiwiko, Msafiri atasimama mbele yake na kumwambia, Mtoza Hongo, nipishe, nimebeba mzigo. Mama atacheka au atalia. Lolote litakalotoka, tutalipokea kwa shukrani. Nilimwuliza kama tumdokeze mama mapema. Alinitazama kama niliyetukana ukoo wake. Akasema mtani hapigi hodi, na utani unaotangazwa ni hotuba.

Mjomba nilimweleza, kwa kuwa ni mjumbe. Alifikiri, akasema mila ni mila. Ila akauliza jambo moja: mambo haya si hufanyika uani, mahali ambapo kila mtu anaona ni kichwa cha nani kinachotokeza kwenye shati la marehemu? Nikamjibu kwamba barabara nayo ni ua, umerefushwa tu. Lilikuwa jibu zuri sana.

Jumapili tuliondoka gizani. Mama alivaa kitenge chake cha kwaya na kilemba cheupe, akatembea mbele yetu sisi wawili. Tulimwekea kigoda upande wa jua, mjomba akamfungulia mwavuli. Kwenye meza ya maji palikuwa na kijana mwenye kipaza sauti na karatasi za majina, asiyechoka, ambaye kila alipoweza kusoma namba ya kifuani alitafuta jina la mwenyewe na kulitangaza, ili watu wampigie makofi. Huyu hakuwemo katika taarifa ya kamati.

Walipita kwanza wale wa mbele, watu wakavu wasiotoa sauti ya mguu. Baada yao ukaja umma: wanafunzi wa chuo, makarani wa wizara wenye viatu vipya na matumbo ya zamani, wakituuliza kama pa kugeuzia ni karibu. Mjomba, ambaye ni mkweli, aliwaambia bado sana. Mama aliwatazama mmoja mmoja na kuwapungia, akiwaombea kila mmoja afike kwa mama yake.

Halafu akasimama, kabla mimi sijaona kitu.

Chini ya kipandio, katikati ya kundi, kilikuja kiwiko. Kisha kichwa kilicholala. Kisha ile rangi ya kijani. Kofia ilishushwa mpaka kwenye nyusi, na uso wote ulikuwa kivuli. Nilijua ni Msafiri, nilimfunga kamba za viatu mwenyewe saa za giza, na bado nikainua mkono kumpungia.

"Na huyu hapa," kipaza sauti kikasema, "Ernest Chidawali wa Chang'ombe. Makofi kwa Ernest, jamani, anakuja vizuri."

Watu wakapiga makofi. Watu wasiomjua walimpigia kaka yangu makofi.

Mama hakupiga kelele. Alimgeukia mjomba na uso ambao niliuona kwake mara moja tu, siku Ernest alipofaulu mtihani wa kidato cha nne. "Si niliwaambia," akasema.

Mjomba akanitazama. Mimi nikaitazama barabara, ule ua wangu uliorefushwa.

Msafiri alifika mbele yetu, karibu kama kutoka mlangoni hadi jikoni. Akainua kichwa ili atoe maneno yake, akamwona mama. Mama alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Nilimwona Msafiri akipoteza mwendo, kiwiko kikaanguka, kikapanda tena. Ingetosha avue kofia. Badala yake aliishusha zaidi, akageuzia uso upande wa pili wa barabara, akapita.

"Hakusimama," mama alisema, na alisema kwa fahari. "Yuko mashindanoni, atasimamaje. Atarudi."

Akaketi kungojea.

Nilimwita. Nilianza kusema kwamba yule, mama, yule aliyepita. Akaniambia ninyamaze, nitazungumza naye mwenyewe akirudi. Akaenda mezani akaomba chupa ya maji ya kumshikia, wakampa. Akaniagiza kesho nirudishe kanisani masufuria na viti vya msiba, maana vimekaa kwetu bure na watu wana shughuli zao. Baadaye akamgeukia mjomba. Alikuwa amekunja uso kidogo, kama mtu mwema aliyekumbuka jambo la jirani.

"Kaka, yule tuliyemzika ni mtoto wa nani? Mama yake atafutwe, aambiwe. Anaweza kuwa anamsubiri."

Mjomba alifunga mwavuli, akaufungua, akaufunga. Midomo yake ilikuwa ikicheza, nadhani alisali, lakini macho aliyaacha wazi. Mimi nimewahi kusimama mbele ya bodi ya shule kujibu mashtaka ya mbuzi, na niliwajibu. Pale kipandioni nilikaa chini kwenye kokoto za kando ya barabara.

Wa mbele walirudi. Umma ukarudi, ukichechemea. Makarani hawakuuliza kitu tena. Kila kijani kilipotokea mama aliinuka, akaketi. Vijana wa meza walianza kukusanya chupa tupu kwenye viroba. Jua lilikuwa limepanda na kivuli cha mwavuli kilituacha, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukifuata.

Mwishoni kabisa lilikuja gari la wagonjwa, likitambaa nyuma ya mtu mmoja anayetembea. Alikuwa amevua kofia. Kiwiko hakikuchomoza. Kichwa hakikulala. Alikuja kwa mwendo wake mwenyewe, na kipara chake kiling'aa juu ya fulana ya kaka yangu. Kijana wa kipaza sauti, ambaye sauti ilikuwa imemkauka, alitazama namba, akatazama karatasi, akasema tena jina la Ernest na kumwomba asikate tamaa.

Msafiri alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya kigoda akapiga magoti kwenye lami.

Mama alikitazama kile kipara muda mrefu. Mjomba alianza kumfokea Msafiri kwa Kigogo. Mama akainua mkono, mjomba akakoma.

"Mpagazi," mama alisema.

"Naam, Mtoza Hongo."

"Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Nilimsubiri mama ainuke aende kutazama moto. Hakukuwa na moto. Palikuwa na barabara tu, na gari la wagonjwa lililosimama nyuma ya Msafiri likiunguruma.

"Alikufa palepale?"

"Hapana, dada." Sikuwahi kumsikia akimwita dada.

"Alisema kitu?"

Msafiri alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. Alisema Ernest aliuliza amekimbiaje. Alikuwa anajipima kutoka darajani, na saa yake ya mkononi ilikuwa imepasuka, kwa hiyo hakuweza kujua.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hajawahi kukimbia hivyo. Nikamwambia, Mgogo wewe, ukikimbia hivi Jumapili mama yako hatakuona, utampita kabla hajafuta tongotongo."

"Akacheka?"

"Alicheka, dada. Damu ilimtoka, lakini alicheka." Akainamisha kichwa. "Ndiyo maana makaburini sikuwa na kitu. Nilikuwa nimeshakitumia."

"Na ilikuwa kweli? Alikimbia hivyo?"

"Sijui. Sikutazama saa. Nilikuwa namtazama yeye."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza wimbo na kutafuta mahali pa kuingilia. Akainama, akaanza kufungua pini za ile namba, moja baada ya nyingine, kwenye kifua cha Msafiri, na ya tatu ikamshinda. Msafiri hakumsaidia, na alifanya vizuri. Kigoda kikapinduka, mama akawa ameketi kwenye lami.

Mhudumu mmoja alishuka kwenye gari la wagonjwa akikimbia na mkoba wake, msichana ambaye hakunizidi sana umri. Alipita katikati yetu wanaume watatu kana kwamba hatupo, akachutama, akamshika mama mkono, akamwuliza, "Shikamoo mama, unaumwa wapi?"

Mama alimtazama.

"Mwanangu amekufa," akamwambia, na sauti ikapanda kutoka mahali ambapo kwaya haijawahi kumfikisha, mpaka wale vijana wa meza wakaacha viroba vyao wakageuka.

Msichana alifungua mkoba wake. Alitazama ndani, akatafutatafuta kwa mkono, akaufunga tena. Kisha naye akaketi kwenye lami.